Mradi wangu wa mjakaranda na kigoga: nimefika kwenye vifuko

Haya wadau, nimerudi na ule mradi wa kulinganisha mimea miwili ya hapa plotini kwetu Nairobi, mjakaranda wa pale getini (Jacaranda mimosifolia, asili yake Amerika ya Kusini) na kigoga kinaitwa Funaria hygrometrica, ule ukijani mfupi laini uliojaa pale tunapochomea takataka, na hapo ndipo kwake hasa maana kinapenda mno udongo ulioungua.

Oktoba hii mjakaranda umechanua balaa, nyuki kibao. Nimepasua ua kwa wembe, ndani kuna stameni (viungo vya kiume vya ua) nne zenye chavua, halafu ya tano haina chavua kabisa ila ndiyo ndefu kuliko zote na ina vinyweleo. Kigoga hakina ua, hakina mbegu, hata mizizi ya kweli hakina.

Sasa kilichonikosesha usingizi ni hiki. Ule ukijani wa kigoga una seti moja tu ya kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba sifa za kurithi), ndio unaotoa mayai na mbegu za kiume, na hizo mbegu zinaogelea kwenye maji ya mvua mpaka zilifikie yai, likishatungishwa ndio kinachomoza kile kijiti chenye kifuko juu, chenyewe kina seti mbili. Na mjakaranda mzima, shina, matawi, majani, una seti mbili! Yaani kwa kigoga, mwenzake mti ni kile kijiti cha sentimita chache, na kwa mjakaranda, mwenzake ule ukijani amejificha ndani ya ua, kwenye punje ya chavua na ndani ya ovuli (ile inayokuja kuwa mbegu), amebaki seli chache tu, na hahitaji kuogelea maana chavua inabebwa na nyuki. Nilikaa pale chini ya mti nikiuangalia upya kabisa.

Kijiti chenyewe kikikauka kinajisokota kama kamba. Nimekipulizia pumzi kwa karibu huku simu inarekodi, kikaanza kuzunguka taratibu na kifuko kikigeuka nacho, raha sana kuangalia.

Vifuko vya mjakaranda ni vigumu, bapa, vya mwaka jana bado vinaning'inia, vikipasuka mbegu zenye bawa jembamba zinapeperuka. Nimepanda chache kwenye mkebe, na spora za kigoga (chembe za uzazi kutoka kwenye kifuko chake) nimezimwaga kwenye mkebe mwingine wenye udongo na majivu. Huko nasubiri nyuzi za kijani kwanza, kwa sababu spora huanza na nyuzi kabla kigoga chenyewe hakijatokea. Picha nitaweka zikionekana.