Maji ya Mzima

Barabara ya Nairobi naijua kwa usingizi. Basi huondoka Mwembe Tayari, Mombasa, usiku, tukifika Mariakani mimi nishalala, nikizinduka ni Athi River na baridi yake. Kwa hivyo kakangu aliposema likizo hii ya Agosti twende na mahema mbuga ya Tsavo, kisha tumalizie kisiwa cha Wasini, nilikubali kwa sababu ya kitoto tu: nione kilichoko katikati.

Kilichoko katikati ni vumbi jekundu. Linaanza kabla ya Taru, likufuate Mackinnon Road hadi Voi, liingie masikioni na ndani ya chupa ya chai. Ndovu wa Tsavo nao ni wekundu kwa ajili yake, maana hujipaka udongo ule mpaka ukawa ndio rangi yao. Pale bwawa la Aruba walikuja kunywa mmoja nyuma ya mwenzake, wadogo katikati, na gari zima likanyamaza, hata wanangu wawili ambao huwa hawanyamazi msikitini.

Usiku tulilala kambi ya Ndololo, chini ya migunga. Mahamri niliyoyakaanga alfajiri yalichukuliwa na nyani, wifi yangu akicheka mpaka akakaa chini. Kakangu naye, badala ya kuwatuliza watoto, akawahadithia wale simba wawili waliokula wajenzi wa reli kwenye mto Tsavo mwaka 1898. Fisi akalia ng'ambo. Basi tukalala watu sita kwenye hema la watu wanne. Nilijaribu kuwaeleza kwamba simba wale wako Chicago, wamekaushwa, wamewekwa makumbusho. Haikusaidia.

Siku ya pili tulivuka hadi Tsavo Magharibi, na hapa ndipo safari ilipoanza kunisemesha. Karibu na lango la Chyulu kuna uwanja wa mawe meusi yaliyowahi kuwa moto, wenyewe wanauita Shetani. Hakuna mto, hakuna kijito, kumekauka kama jiko la jana. Kisha unafika chemchemi za Mzima na maji yanabubujika kutoka chini ya mawe, meupe, unahesabu samaki. Askari wa mbuga aliyetusindikiza alitueleza kwamba ni mvua ya milima ya Chyulu: inanyesha kule juu, inazama ndani ya mawe ya volkeno, inajichuja gizani, inatokea hapa. Tukashuka kwenye kile chumba chenye vioo chini ya maji. Viboko hatukuwaona humo, walikuwa upande wa pili wanapiga miayo.

"Nyinyi wa Mombasa ndio wenye maji haya," askari akasema. Nilidhani anatania. Kumbe kuna bomba, limejengwa miaka ya 1950, linatoka pale hadi pwani. Nina miaka arubaini na moja, nimezaliwa Majengo, nimeogeshwa na maji haya, na nilikuwa sijawahi kuuliza yanatoka wapi. Niliinama nikayagusa. Baridi.

Tulirudi Mombasa kulala usiku mmoja na kufua (vumbi lile halitoki kwa maji ya kwanza wala ya pili), asubuhi tukavuka feri ya Likoni, tukashika njia ya Shimoni.

Pepo za kusi zilikuwa zikivuma, bahari imechafuka, nahodha akatuambia Kisite, ile hifadhi ya baharini, tusubiri. Tukasubiri siku mbili. Sikujuta. Wasini haina gari hata moja. Kuna vichochoro, mibuyu, na sauti za watu wanaosalimiana mbali kabla hawajakutana. Tulitembea kwenye daraja la mbao la kina mama wa kijiji, juu ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, yamesimama kama watu wanaongoja jambo. Siku ya tatu pomboo tuliwaona, ndiyo, na watoto watasimulia hayo hadi Disemba.

Mimi lakini nimebaki na ndoo. Bi mwenyeji wetu alitupa ndoo moja ya maji tamu kila asubuhi, watu sita, na kata ndani yake. Aliiweka chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Maji yale ni ya mvua ya masika, yanatoka paa hadi kwenye birika, na yakiisha, alisema, huletwa kwa boti kutoka Shimoni. Nikamuuliza hachoki, maji pande zote na hakuna ya kunywa. "Mwanangu, nimezaliwa hapa," akanijibu, akaendelea kukuna nazi. Siku hiyo nilioga kwa kata saba. Kesho yake tano. Wifi yangu anasema alifika nne, simuamini.

Jumapili jioni tukarudi Majengo. Nikafungua mfereji, ukakohoa hewa mara mbili, ukanyamaza. Nikabeba mitungi miwili nikashuka ngazi hadi kwa ami anayeuza maji kwa mkokoteni.

"Umepotea, bibie. Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuangalia maji yako yanakotoka. Kule Mzima, Tsavo."

Akaufunga mtungi wa kwanza kifuniko, akanitazama.

"Haya? Haya ni ya kisima, hapo nyuma ya msikiti. Onja, yana chumvi."