Chumba cha kupangisha, mtaa wa kale: lipu ya saruji imetoka yote

Ukuta wa upande wa barabarani sasa ni mawe matupu. Fundi amemaliza kubandua lipu ya saruji, na nimefurahi kuliko siku niliyokabidhiwa funguo. Chumba ni kimoja, cha chini, jiko na choo humo humo. Nataka mpangaji atakayeingia alale bila kunusa ukungu. Rangi na mapazia vitangoja.

Ugonjwa ulianzia chini, ukafika kimo cha kiuno: rangi inavimba, chumvi nyeupe inachomoza, lipu inalia kibuyu ukiigonga. Nyumba hii ni ya enzi za chokaa. Mwingereza Joseph Aspdin alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya saruji ya Portland mwaka 1824, na saruji ilichukua muda mrefu kuwafikia mafundi wa kawaida. Hapa mawe yameshikwa kwa chokaa, na msingi hauna tabaka la kuzuia maji. Unyevu wa ardhini hupanda ukutani, ukatokea usoni, ukakauka. Ukuta uliishi hivyo miaka na miaka, mpaka ulipopigwa saruji. Maji yakakosa pa kutokea, yakazidi kupanda na chumvi yake.

Tunarudisha chokaa: sehemu moja kwa tatu za mchanga, matabaka membamba yasiyozidi milimita 10 kila moja. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Huvuta kabonidayoksaidi hewani, ikageuka jiwe taratibu. Ikikaushwa haraka hupasuka, ndiyo maana nimetundika magunia yaliyoloweshwa na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni.

“Bosi, tutie saruji kidogo, ishike upesi,” fundi aliniomba. Nilikataa. Kazi yake ni safi na mkono wake wa mwiko naupenda, lakini ukuta huu umeshateswa vya kutosha.

Nyaya na mabomba ni mapya, hayana habari kubwa. Kitanda cha kukunja kitafungwa kwenye ukuta wa ndani, maana ule wa nje lazima upigwe na hewa. Kwa sababu hiyo hiyo hautapakwa rangi ya mafuta, bali chokaa. Kwenye mkataba nitaandika wazi kwamba kabati lisisukumwe likaugusa, na mpangaji nitamweleza sababu kabla hajalipa.

Tabaka la pili litapigwa pale ukucha utakaposhindwa kuchimba la kwanza.