Nilivyompata fundi wa nyasi bandia anayejua kazi

Nina kituo cha kulelea watoto Tabata, Dar, na uwanja wetu kiangazi ni vumbi tupu, masika ikianza ni tope mpaka watoto wanashinda ndani, ndo maana nikaamua kuweka nyasi bandia. Nyasi zenyewe sio shida, Kariakoo zimejaa, shida ni fundi, maana kila anayeuza roli anakwambia na kutandika natandika, na wengine kutandika kwao ni kusawazisha udongo kwa reki, wanakunjua kapeti, wanapaka gundi pembeni basi wameondoka.

Picha za WhatsApp sikuzitaka kabisa, siku ya kwanza kila kazi inapendeza. Kila fundi niliyeongea naye nilimwambia naomba nione kazi yako iliyopita masika angalau moja. Wengi wakaanza kunizungusha, mara mteja kasafiri mara geti limefungwa, hao nikaachana nao. Mmoja akanipeleka Kinyerezi kwa mama mmoja, nikamuomba mwenyeji ndoo ya maji nikamwaga katikati ya uwanja, yakazama hapo hapo. Nikapitisha mkono kwenye maungio sikusikia tuta wala uwazi, halafu majani yote yamelalia upande mmoja, hiyo iangalieni sana, roli moja ikigeuzwa ukisimama mbali unaona rangi mbili.

Alivyokuja kwangu kupima hakuanza na bei. Akaomba jembe akachimba kidogo, akauliza, "Dada, maji ya mvua hapa yanatokea wapi na yanaelekea wapi?" Hapo moyo wangu ukatulia. Akanieleza tunatoa udongo wa juu, tunaweka kokoto, juu yake kokoto laini, tunashindilia kwa mashine tukiacha mteremko kidogo kuelekea mtaroni, ndo nyasi zinakuja, chini ya maungio inakaa tepu yake na gundi, mwisho unamwagwa mchanga mkavu unafagiliwa uingie ndani ili majani yasimame na kapeti lipate uzito. Pia akanikataza zile ndefu za viwanja vya mpira wa miguu za milimita 50 na kuendelea, kama za uwanja wa Nyamagana Mwanza au Kaitaba Bukoba, kwa kawaida zinajazwa chembe za mpira na watoto wangu wadogo wanatia kila kitu mdomoni, akasema chukua za milimita 30 hivi zilizobanana.

Malipo tuliandikishana. Vifaa tulienda kununua wote, hela ya ufundi nikailipa kwa awamu kazi inavyosogea, na kipande cha mwisho ni baada ya mvua kubwa ya kwanza. Hakubisha hata kidogo. Mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi nikakuta hakuna dimbwi, nikamtumia hela yake kwa simu kabla hata watoto hawajafika.

Jua la mchana alishanionya, hizi nyasi zinachoma kuliko za kawaida, kwa hiyo tumefunga neti ya kivuli na saa sita peku hairuhusiwi.

Na mimi nilitaka kapeti lifike mpaka kwenye shina la mwembe, akakataa, mizizi inataka maji na hewa na ikinenepa italiinua kapeti. Mita zaidi ni hela zaidi kwake lakini alikataa, tukaacha duara la matofali kuzunguka mti, watoto wanachezea mchanga pale.