Kiti cha tatu

Mimi ni fundi seremala, Keko, Dar es Salaam. Vitanda vya sita kwa sita nimetengeneza mpaka nimepoteza hesabu, lakini kazi iliyonitoa jasho ni kiti cha binti yangu.

Alizaliwa hakulia. Miezi minane ikapita shingo haijakaza, na kila ukimnyanyua miguu inapishana kama mkasi. Zahanati moja walituambia tusubiri, watoto wengine huchelewa. Tukasubiri hadi mwaka na nusu, huku majirani wakituelekeza kwa waganga. Hospitali ndipo tulipoambiwa ni mtindio wa ubongo: ubongo uliumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, dawa ya kuurudisha ulivyokuwa hakuna, ila mwili unafundishika. Tukaandikiwa mazoezi tiba kila wiki.

Nilianza vibaya. Nilimchukulia kama ubao uliopinda. Nikirudi jioni naitanua miguu kwa nguvu, naye analia. Mtaalamu wa mazoezi aliponiona alinishika mkono.

"Baba, msuli huu ukiuvuta haraka ndio unazidi kukaza."

Akakunja goti, akasubiri, akasogeza kidogo, akasubiri tena. Mguu ukafunguka bila kilio. Akasema pia abebwe mgongoni kwa kanga, miguu imetanuka, maana hilo nalo ni zoezi. Mama watoto akanitazama tu. Siku zote alitaka kumbeba hivyo, mimi ndiye niliyekuwa namkataza nikidhani anamuumiza.

Kwenye chakula, bibi yake alikuwa akimlaza mapajani, kichwa nyuma, anammiminia uji. Mtoto anapaliwa kila mara, na alishalazwa mara mbili kwa nimonia. Tukaelekezwa: akae wima, kidevu kiiname kidogo, uji uwe mzito, kijiko kije kwa mbele, kisitokee juu. Kumwambia mkwe habari hizo ni mtihani. Nilimtuma mama watoto.

Sasa akae wima kwenye nini? Hapo nikajipiga kifua. Nikatengeneza kiti cha mninga, nikakipiga msasa na vanishi, hata mteja mmoja akakiulizia bei. Mtoto akawa anateleza kwa mbele kama samaki, mgongo umepinda. Mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kukaa na kula, alikitazama, akaomba futi yangu.

"Fundi, hiki ulimpima nani?"

Sikuwa nimempima mtu. Akampima mtoto mwenyewe: makalio hadi nyuma ya goti inchi 9, tutoe moja ili ukingo usimkate, kwa hiyo kikalio kiwe na kina cha inchi 8. Nyonga, goti na kifundo vyote vikae skwea, yaani pembe mraba, miguu ikanyage ubao, isining'inie. Mgongo uwe wa kona, mbao mbili zikutane nyuma yake ili mabega yasikimbilie nyuma. Kati ya magoti kibao chenye sponji, kuzuia ule mkasi. Mbele meza iliyokatwa nusu duara imzunguke kifua.

Cha pili nilikiunga kwa mabaki ya plaiwudi ya kabati la mteja, kibaya kwa macho, bila hata vanishi. Siku ya kwanza alikaa dakika kama 10. Mikono yake miwili ikaja juu ya meza. Sikuwahi kuiona yote miwili mbele kwa pamoja.

Mtaalamu wa usemi tulimpata mara mbili tu, ni wachache na foleni ni ndefu. Alitupa mchezo mmoja: shika vitu viwili, vitaje, kisha nyamaza uhesabu hadi kumi. Unaona ni rahisi? Mimi nilikuwa nikifika tatu nimeshampa kimojawapo. Jioni moja nilijilazimisha, embe mkono huu, kikombe mkono ule. Nilipofika saba macho yake yakahama, yakatua kwenye embe. Nikabadilisha mikono ili nihakikishe. Yakalifuata embe.

Mwezi uliopita magoti yalishapita ukingo wa kiti, nikatoa futi tena. Cha pili kimeenda kwa mtoto mwingine wa kliniki. Hiki cha tatu kilibaki kuvalishwa, nikamletea vipande viwili vya reksini, chekundu na cha bluu, nikanyamaza. Sikufika hata tano. Alichagua chekundu, na mama yake alishanunua mita mbili za bluu.