Timu Iliyohamishwa kwa Karatasi

Wiki hii nimekuwa nikirudia habari za Litex Lovech, na nimeona niziandike zikiwa bado za moto kichwani. Ni timu ya mpira ya nchi ya mbali, na wengi wanaosoma hapa pengine hawajawahi kuisikia. Mimi nimeipenda, na yaliyoipata bado yananiuma.

Lovech ni mji mdogo wa kaskazini mwa Bulgaria, umekaa kando ya mto Osam. Watu wake hawafiki elfu 40. Nilifika pale nilipokuwa nikiishi Sofia, na kitu cha kwanza wenyeji watakachokupeleka kukiona ni daraja lenye paa, lenye vibanda vya wauzaji pande zote mbili, lililojengwa na fundi Kolyo Ficheto katika miaka ya 1870. Liliungua mwaka 1925, wakalijenga upya. Watakuonyesha pia sanamu ya Vasil Levski, shujaa wao wa ukombozi, kisha mlima wenye maua ya zambarau ambayo mji unajisifia kila mwaka yakichanua. Uwanja wa mpira nilikwenda kuutafuta mwenyewe. Unaingiza watu kama elfu nane, yaani ukijaa, sehemu kubwa ya mji imo humo.

Mji huu ulikuwa wa viwanda. Enzi za ukomunisti kiwanda cha Balkan kiliunda pikipiki hapo, na magari ya Moskvich yakaunganishwa hapohapo. Mfumo ulipoanguka, kazi nazo zikaanguka. Timu ya mpira ilikuwapo tangu 1921, ikibadilishwa jina kila zama zilipobadilika: Hisarya, Karpachev, Osam, LEX. Ilikuwa inapanda na kushuka kama timu yoyote ya mkoani, hakuna aliyeitazama sana.

Mwaka 1996 akaingia Grisha Ganchev, mfanyabiashara wa mafuta, na jina la kampuni yake likawa jina la timu: Litex. Mwaka 1997 wakapanda ligi kuu. Mwaka 1998 wakawa mabingwa.

Naomba msomaji asiupite haraka mstari huo. Timu iliyotoka daraja la pili, chini ya kocha Dimitar Dimitrov, iliingia kwenye ligi ambayo kwa miongo ilikuwa karibu mali ya mji mkuu Sofia, timu ya CSKA upande mmoja na timu ya Levski upande mwingine, ikatwaa ubingwa msimu wake wa kwanza baada ya kupanda. Na haikuwa bahati ya msimu mmoja, kwa sababu 1999 wakautetea.

Ulaya waliipata kwa jasho. Mwaka 1998 waliwatoa Halmstad wa Sweden katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa, halafu wakakutana na Spartak Moscow wakafungwa 5-0 na 6-2. Kipigo hicho sikioni kama aibu, walikuwa wageni kabisa wa meza ile. Cha mwaka uliofuata ndicho kinachoniumiza mpaka leo nikikisoma. Waliwafunga Widzew Łódź wa Poland 4-1 nyumbani, wakaenda kwa wenzao wakafungwa 4-1 ileile, wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Timu ya mji wa daraja na maua ilikuwa imeshika mkononi raundi nyingine ya Ulaya, ikaponyoka.

Hawakufa hapo. Kombe la Bulgaria walilibeba 2001, 2004, 2008 na 2009. Msimu wa 2005/06 walivuka hatua ya makundi ya Kombe la UEFA, wakaishia mikononi mwa Strasbourg katika 32 bora. Ubingwa wa nchi ukarudi tena 2010, kisha 2011. Mataji manne ya ligi na makombe manne, kwa mji ambao ukiwauliza watu wa Ulaya Magharibi wauonyeshe kwenye ramani watababaika.

Kuhusu fainali ile ya Kombe ya 2001, kuna jambo ambalo sikulijua mpaka niliposoma zaidi. Waliofungwa na Litex siku hiyo walikuwa Velbazhd wa Kyustendil, timu nyingine ya mji mdogo iliyopanda kwa nguvu za mfuko wa tajiri. Kiangazi cha mwaka uleule Velbazhd iliunganishwa na Lokomotiv Plovdiv, na Kyustendil ikabaki bila timu yake ya ligi kuu. Mwaka 2004 Lokomotiv wakawa mabingwa wa nchi. Mashabiki wa Lovech walisherehekea kombe mbele ya watu ambao wiki chache baadaye walipoteza timu nzima. Nadhani hakuna aliyewatazama wale wa Kyustendil na kuwaza kwamba zamu inazunguka.

Sisi wa umri wangu Bulgaria tuliijua kwa Kombe la Dunia la 1994, walipowatoa Wajerumani 2-1 katika robo fainali, Stoichkov kwa mpira wa adhabu na Letchkov kwa kichwa. Ndiyo maana nilishangaa kugundua kwamba Hristo Stoichkov mwenyewe, mshindi wa Ballon d'Or ya mwaka huo, aliwahi kuwa kocha wa Litex, na baadaye Krasimir Balakov, kiungo wa kikosi kilekile, naye akaifundisha. Watu ambao majina yao tuliyaandika kwa mkaa kwenye migongo ya fulana zetu walikuwa wakisimama pembeni ya uwanja ule niliouona, wakipiga kelele kwa vijana wa akademia.

Na akademia ilikuwa kazi ya kweli. Kiril Despodov, aliyekuja kuwa nahodha wa timu ya taifa na bingwa wa Ugiriki akiwa na PAOK, alianzia Lovech na kucheza kwa mara ya kwanza katika kikosi cha wakubwa mwaka 2012, akiwa bado mtoto. Ganchev hakununua wachezaji tu akasubiri makombe. Alijenga. Hili lazima lisemwe kwa haki, kwa sababu ni rahisi kumfanya tajiri shetani wa kila hadithi ya mpira. Mtu huyo ndiye aliyeuinua mji. Mwaka 2012 kampuni yake ilifungua hata kiwanda cha kuunganisha magari ya Kichina ya Great Wall kijijini Bahovitsa, karibu na Lovech, na miaka michache baadaye nacho kikasimama. Mji wote, kuanzia ajira mpaka furaha ya Jumamosi, ulikuwa umeegemea nguzo moja.

Nguzo hiyo ilianza kusogea mwaka 2015. CSKA Sofia, timu ya zamani ya jeshi, yenye mataji mengi kuliko nyingine yoyote nchini, ilizama kwenye madeni ikanyimwa leseni, ikatupwa daraja la tatu. Ganchev akaichukua. Tangu hapo mtu mmoja alikuwa na sauti katika timu mbili, moja ya nyumbani na moja yenye mashabiki nchi nzima. Wa Lovech walipaswa kuogopa siku hiyohiyo.

Desemba 12 mwaka huo Litex walicheza na Levski. Walikuwa wanaongoza 1-0. Kipindi cha kwanza hakijaisha, tayari wamepewa kadi nyekundu mbili na Levski wamepewa penalti. Amri ikatoka kwa uongozi: tokeni. Wachezaji wakatoka uwanjani, mchezo ukavunjika. Siku nne baadaye shirikisho likawafukuza kwenye ligi kuu, na ligi ya timu 10 ikamaliza msimu na timu tisa.

Nimeitazama video ya tukio lile mara nyingi kuliko inavyofaa. Inawezekana kweli mwamuzi alikosea, mimi sitabishana juu ya kadi. Lakini timu inayoongoza, mbele ya macho ya nchi nzima, haiondoki uwanjani. Unacheza ukiwa tisa, unafungwa, unalalamika kesho yake, unakata rufaa, na timu inabaki. Wanaotoa amri ya kutoka huwa wana mahali pengine pa kwenda. Aliyelipa tiketi hana.

Ikabaki timu ya pili ya Litex katika daraja la pili, na ikabaki karatasi: kampuni, usajili, leseni. CSKA huku walikuwa daraja la tatu, na ajabu ni kwamba walitwaa Kombe la Bulgaria la 2016 wakiwa huko chini, kwa kuwafunga Montana 1-0. Walihitaji njia ya kurudi juu. Kiangazi cha 2016 kampuni iliyokuwa Litex ikabadilishwa jina, ikawa CSKA-Sofia, makao yake yakahamia mji mkuu, na timu hiyo ikaanza msimu mpya ikiwa ligi kuu.

Hata kwetu tumeona timu ikiuzwa na nafasi yake ya ligi na kuhamishiwa mkoa mwingine, kwa hiyo nilielewa haraka kilichofanyika. Ila sijazoea, na sitaki kuzoea.

Mwenzangu wa kazini kule Sofia, shabiki wa CSKA tangu utotoni, alinieleza kwamba upande wao nao uligawanyika. Wapo walioipokea timu mpya kwa mikono miwili, kwani rangi ni zilezile na jezi ni ileile. Wengine walikataa katakata, na mwaka huohuo wakaanzisha timu yao wenyewe, CSKA 1948, kutoka chini kabisa. Yeye alibaki katikati, na alinyamaza nilipomuuliza kuhusu watu wa Lovech. Sikumlaumu.

Swali ambalo hakuna anayelijibu vizuri ni hili: mataji manne ya Lovech sasa ni ya nani? CSKA-Sofia wanajihesabia mataji 31, yale ya CSKA ya zamani. Ya Litex hawayataji, ingawa karatasi yao ndiyo iliyokuwa ya Litex. Kwa hiyo kisheria yako kwa mtu asiyeyataka, na wanaoyataka hawana karatasi. Lovech waliunda Litex mpya kiangazi kilekile cha 2016, wakaanza daraja la tatu, mwaka 2017 wakapanda la pili. Jezi ni ya rangi ya machungwa kama zamani, uwanja ni uleule, na watoto wa akademia wanaocheza wengine hawakuwa wamezaliwa Litex ilipochukua ubingwa wa kwanza.

Kwangu mimi mataji ni yao. Ubingwa wa 1998 ulipatikana mbele ya watu waliokuwa wakitembea kwa miguu kutoka darajani mpaka uwanjani, wengi wao bado wapo, na mkataba wa ofisini hauwezi kuwahamisha.

Wakati huohuo Ludogorets ya Razgrad, mji mdogo kama Lovech, ilipanda 2011 ikiwa na tajiri wake Kiril Domuschiev, na 2012 ikawa bingwa katika msimu wake wa kwanza, vilevile kama Litex walivyofanya. Tangu hapo waliendelea kutwaa msimu baada ya msimu na wakafika makundi ya Ligi ya Mabingwa. Watu huwa wananiuliza kwa nini siwashangilii, maana ni hadithi nzuri ya wanyonge. Nawashangilia. Ninapotazama majukwaa yao yamejaa, huwa natamani tu mashabiki wa Razgrad waombe kuandikishwa umiliki, hata asilimia ndogo, kura moja tu kwenye meza, wakati huu ambapo kila mtu ana furaha na tajiri hana sababu ya kukataa.

Jumapili nikipata nafasi nitaandika ya Velbazhd. Ile ya Kyustendil nayo haijasimuliwa vya kutosha.