Wali wa Yai

Kitinda mimba wangu kaja na kazi kutoka shule ya Jumapili: "Taja mambo matano ambayo mmisionari hufanya." Nilikuwa nachagua mchele. "Mama, si wewe ulikuwa mmisionari?" Nikamwambia amuulize babake. Babake akacheka nyuma ya gazeti. Ile hadithi anaijua, na anajua kwamba kila nikiisimulia huishia pahali tofauti.

Baadaye mtoto akataka sindano, akapanda kiti kutoa kile kikapu cha mwanzi juu ya kabati, ambacho siku hizi kinakaa pini na nyuzi. Akakifunua, akatia pua. "Kinanuka wali." Mimi sikusikia harufu yoyote. Lakini uteo niliuweka chini.

Kikapu ni cha Yai. Yai ndiyo nyanya, mzaa mama, na nusu ya kijiji kilimwita hivyo. Ilikuwa Julai 2009, mkoa wa Roi Et, kaskazini mashariki ya Thailand. Tulikuwa sita na kiongozi wetu, tukagawanywa kwenye nyumba za watu kwa wiki tatu. Asubuhi tulifundisha watoto Kiingereza, mchana tulipima wazee presha, jioni tulijaribu kuhubiri. Ya presha ilikwenda vizuri.

Na kula pia, kwa upande wangu. Wali wa kule unanata. Huupika kwa mvuke, kisha huutia kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, na kila mtu humega kwa vidole, akafinyanga tonge, akachovya. Wenzangu walihangaika. Mimi niliyekuzwa kwa sima nilimega siku ya kwanza kama mwenyeji, Yai akapiga paja kwa kicheko. Papai bichi wanalitwanga kinuni kwa pilipili na ndimu. Samaki wanamvundika mpaka harufu yake ng'onda haioni ndani. Nilikula vyote. Sala ya chakula niliisema kimoyomoyo, haraka.

Mahubiri ndiyo yaliyotushinda, na yalitushinda kwenye maneno. Neno moja, phra, limo katika jina la Mungu, ndilo la mtawa, na ndilo la sanamu ya Buddha. Jioni moja nikasema, kupitia kwa mkalimani, kwamba mtu hana budi kuzaliwa mara ya pili. Yai alikuwa akimenya vitunguu saumu. Akauliza kwa upole: mara ya pili tu? Kwa hesabu yake yeye alishazaliwa mara zisizohesabika, na alichokuwa akitafuta ni njia ya kuacha kuzaliwa. Mkalimani akanitazama. Nikaomba maji ya kunywa.

Kwetu ni Rabai, mnajua. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe na mtoto mwaka uleule, na 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaja kujenga kwetu. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa kilema, na alikuwa kufani. Miaka ilikuwa imepita, na aliyebatizwa ni huyo mmoja tu. Tuliyasoma hayo kama habari ya ushindi. Kule Roi Et, usiku ndani ya chandarua, ndipo nilipoanza kuwawaza wale wengine, wazee wetu waliokaa wakamsikiliza yule Mjerumani huku mikono inamenya kitu, kisha wakauliza swali moja kwa upole.

Wiki hiyo ilikuwa imeanza Phansa, miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hawahami hekalu lao. Vijana wengi huingia utawani kwa miezi hiyo tu kisha wakarudi kwenye mpunga, na thawabu yake humwendea aliyewalea. Mjukuu wa Yai alikuwa ameingia. Mamake alikuwa kiwandani Bangkok. Aliyemlea ni Yai. Siku mbili kabla ya kunyolewa, mjukuu huyo ndiye aliyenibeba kwa pikipiki kwenda kununua vocha, akiimba njia nzima.

Basi asubuhi moja goti la Yai likagoma. Na mimi ndiye niliyempima presha jana yake nikamwamuru apumzike. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Mkalimani alilala nyumba nyingine, na baina yangu na Yai kulikuwa na maneno kama ishirini, mengi ya chakula. Akanitia kikapu mkononi, cha moto, akaonyesha njia kwa kidevu. Kisha akaonyesha goti. Kisha akataja jina la mjukuu wake.

Nikaenda. Ningefanyaje?

Kina mama walikuwa wameshajipanga kando ya njia, viatu wamevua, wamepiga magoti kwenye vipande vya mkeka. Mvua ilikuwa imekatika punde. Kengele ikalia mbali, mbwa wakanyamaza, ukungu ukawatoa mmoja mmoja: watawa wanne, pekupeku, bakuli za kupokea chakula kifuani. Na mimi nimesimama katikati ya ajuza wale, mrefu kama mnazi. Kiongozi wetu alituambia tangu semina ya kwanza: heshima sawa, kupiga magoti hapana. Nilikuwa nalikumbuka neno kwa neno. Mama wa ubavuni akavuta kanga yangu, mara moja tu, vile unavyomvuta mtoto kanisani.

Magoti yalikuwa chini kabla sijamaliza kuwaza. Mkeka sikuwa nao. Matope yalikuwa baridi.

Watatu wa mbele walipita salama. Wa nne alikuwa yeye. Wamemnyoa hata nyusi, uso umebaki kama yai, na macho ameyatuliza chini kana kwamba hajawahi kuniona. Nikamega. Nilimega tonge la sima, kubwa mno, na mkono ulikuwa unatetemeka, na wali ule hauna huruma: ukashika vidole vyote. Nikautikisa, haukutoka. Bakuli sikutakiwa niliguse, mwanamke mimi. Nikautikisa tena. Yeye kasimama tu, anangoja, mstari mzima unangoja. Nikatazama juu. Pale ambapo nyusi zingekuwa, ngozi ilipanda, na midomo akaibana kwa nguvu, kama mtu anayezuia kicheko msibani. Tonge likaanguka. Nilisikia mlio wake chini ya bakuli: tup.

Wakaimba baraka zao. Nikafumba macho nikasema Baba Yetu kwa Kirabai, lugha ambayo mimi huwa sisali nayo kabisa.

Yai alikuwa mlangoni, mikono kaikutanisha kifuani. Niliporudi, na goti lake lile lile, akainama akanifuta matope.

Habari ilimfikia kiongozi kabla ya saa sita. Hakunikaripia. Usiku alisoma 1 Wakorintho 8, ile sura ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, yote, bila kumtazama mtu, na sote tukajua anasomewa nani. Kwenye ripoti niliandika kwamba tulipata nafasi nzuri ya kujenga uhusiano na familia za kijijini. Nyumbani, kina mama waliouza mandazi ili nipate nauli waliniuliza wangapi wameokoka. Nikasema tumepanda mbegu. Wakasema amina.

Haya yote sikumwambia mtoto. Nilimwambia ya bibi, goti na wali. Akasikiliza, sindano mkononi, akauliza, "Kwa hiyo ulimpigia magoti nani?"

"Palikuwa na matope," nikasema.

Akaandika yake: huhubiri, hufundisha, hutibu wagonjwa, husali. La tano akaliandika bila kunionyesha.

Daftari limerudi jana. Manne yametiwa vema kwa kalamu nyekundu. Kwenye la tano, "humpelekea mjukuu wa bibi wali," mwalimu hakutia vema wala hakukata. Kaweka alama ya kuuliza. Mtoto kalisimamisha daftari mbele ya uso wangu tangu asubuhi, anataka kujua kama amepata au amekosa.