Nilivyopata viatu vya kushinda navyo kutwa

Kazi yangu ni ya ghalani. Nahesabu mizigo, napita kati ya rafu na rafu, napanda ngazi fupi, nashuka, nasimama mlangoni gari likipakua, narudi ndani. Sakafu ni saruji tupu, ukuta hadi ukuta. Kukaa ni zile dakika chache za kula na za kujaza daftari. Kwa miaka mingi niliamini kwamba miguu kuwaka moto jioni ni sehemu ya kazi, kama vumbi. Nikifika nyumbani, mkoba haujatua chini, viatu nimeshavipiga teke pembeni.

Kilichonishtua ni asubuhi moja niliposhuka kitandani nikashindwa kukanyaga kisigino cha kulia. Ilikuwa kama nimekanyaga msumari. Nikachechemea kwa vidole hadi bafuni, baada ya hatua kadhaa maumivu yakapungua, nikayasahau. Kesho yake yakarudi, tena hatua za kwanza tu. Wiki ya tatu nilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Alinibonyeza chini ya kisigino nikaruka. Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino kwenda vidoleni, na ukichoshwa siku nenda siku rudi huuma namna hiyohiyo: asubuhi unakaza, ukitembea unalegea. Akanipa mazoezi ya kunyoosha mashavu ya miguu. Halafu akaokota kiatu changu, akakishika ncha na kisigino, akakikamua kama kitambaa cha kupigia deki. Kikajisokota bila ubishi.

"Mama, hiki si kiatu, hii ni soksi yenye soli," alisema.

Nilitahayari, maana viatu vile havikuwa na miezi miwili, na nilivinunua kwa sababu hasa ya ulaini wao. Dukani nilibonyeza soli kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye godoro. Nilivaa, nikapiga hatua sita juu ya zulia, nikasema basi, taabu imekwisha. Ukweli ni kwamba kiatu laini dukani si lazima kiwe laini saa kumi na moja jioni. Aliyewahi kutembea kwenye mchanga mkavu anajua: mchanga ni laini kuliko barabara, lakini mwendo wa nusu saa tu na miguu imechoka, kwa kuwa kila hatua mguu unatafuta pa kusimama. Na ile sponji ya soli yenyewe ni povu lenye vipovu vidogo vya hewa. Kila hatua unavibana, na vikishachoka havirudi. Nilipotazama viatu vyangu kwa nyuma, upande wa nje wa kisigino ulikuwa umeshadidimia, nami nilikuwa natembea nimeinama bila kujua.

Kabla ya hapo nilikuwa na kosa lingine, na hili nadhani wengi tunalo. Kidole changu kidogo kilikuwa kinabanwa na kila kiatu. Dawa niliyoijua ilikuwa moja, kupandisha namba. Ninavaa 39, nikihisi kubanwa nachukua 40. Kidole kinapata nafasi, sawa, lakini kisigino kinaanza kupwaya, kinapanda na kushuka, na wiki haiishi bila malengelenge. Vidole navyo vinajikunja kukishika kiatu kisitoke, hivyo kutwa nzima mguu umekunja ngumi humo ndani. Tena kiatu kirefu kupita kiasi hakikunjiki pale mguu unapokunjika. Mguu unataka kukunjika kwenye shina la vidole, kiatu kinakunjika mbele yake, na ule mkunjo unakandamiza vidole kwa juu. Niliyatenda hayo miaka na miaka nikidhani nina miguu mibaya.

Kilichonifungua macho ni karatasi. Mtaalamu aliniambia nichore miguu yangu jioni, baada ya kazi, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na wa asubuhi si wa jioni. Nikasimama juu ya karatasi mbili, uzito umegawanyika sawa, binti yangu akapiga magoti kuzungusha penseli. Nilimkanya mara tatu asimamishe penseli wima, maana akiilaza kuelekea ndani mguu unapungua na akiilaza nje unaongezeka. Alikuwa anacheka, nami nacheka kwa kutekenywa, mstari wa mguu wa kushoto ukatoka na wimbi ambalo mguu wangu hauna. Tukarudia.

Tukapima kwa rula. Mguu wa kushoto milimita 243. Wa kulia 248. Nusu sentimita nzima, na mimi siku zote nilikuwa najaribu kiatu cha kushoto tu kwa sababu ndicho wauzaji hukitoa kwanza. Kitu kingine, kidole changu kirefu kuliko vyote si gumba, ni cha pili. Nilikuwa nabonyeza ncha ya kiatu juu ya gumba nikiona pana nafasi, kumbe jirani yake ameshagonga ukuta.

Halafu nikavuta soli ya ndani, ile inayotoka, nikaiweka juu ya mchoro. Kwa urefu ilitosha na kubaki. Kwa upana, upande wa kidole kidogo, mstari wa penseli ulikuwa umetoka nje ya soli kwa kiasi cha unene wa penseli yenyewe. Niliitazama karatasi ile muda mrefu. Kumbe kila siku sehemu ya mguu wangu ilikuwa inakanyaga ukuta wa kiatu badala ya soli.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa habari ya namba. Namba ya Ulaya inahesabu urefu peke yake, tena si wa mguu, ni wa kalibu, ule mguu wa bandia ambao kiatu hushonewa juu yake. Kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo 39 ni sentimita 26. Toa mguu wangu wa kulia, sentimita 24.8, inabaki 1.2, na hiyo ndiyo nafasi inayotakiwa mbele. Yaani 39 ilikuwa namba yangu halali tangu mwanzo. Nilichokosa ni upana, na upana haumo kwenye namba ile. Waingereza wao huhesabu kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, ndiyo maana mifumo hiyo miwili haioani vizuri hata ukitumia jedwali. Baadhi ya watengenezaji huandika upana kwa herufi za Kimarekani: B ni wa kawaida kwa wanawake, D, ambao ni mpana kuliko B, ni wa kawaida kwa wanaume, 2E na 4E ni vipana zaidi. Na namba ya Ulaya haitofautishi mwanamume na mwanamke. 39 ni 39.

Ukishaunganisha mambo hayo mawili unajua nilikokwenda.

Nilikwenda jioni, nimetoka kazini, nimevaa soksi zangu za kazi, zile nene kidogo. (Pamba tupu nimeacha. Inashika jasho, na ngozi iliyolowa ndiyo inayochubuka.) Karatasi niliikunja mkobani. Nilipofika kwenye rafu, kijana muuzaji akanifuata haraka.

"Mama, hivyo viko upande wa wanaume."

"Mguu wangu haujui hilo, mwanangu. Nipe 39."

Akacheka, lakini alileta. Nilitoa soli ya ndani ya kila kiatu na kuiweka juu ya karatasi yangu pale sakafuni, naye akachutama kutazama. Jozi mbili ziligoma hapohapo bila hata kuvaliwa. Ya tatu ilifunika mchoro wote, upande wa kidole kidogo pakabaki uwazi mwembamba. Hii sasa nikaikamua kama nilivyokamuliwa kile changu: ilijipinda kidogo, ikagoma. Nikaikunja: ilikunjika mbele, kwenye shina la vidole, si katikati ya tumbo. Nikabana ukuta wa kisigino kwa nyuma, haukulala. Nikaiweka mezani, nikainama kutazama kama imesimama wima. Nikaingiza mkono ndani nikitafuta mshono wenye ncha, kwa sababu kitu ambacho kidole cha mkono kinakihisi kidogo, kidole cha mguu kitakihisi kutwa.

Kisha nikavaa vyote viwili, nikasimama, nikatembea kwenye vigae, si kwenye zulia. Niliomba kushuka ngazi za duka, maana kwenye kushuka ndipo vidole hugonga mbele. Nilikaa navyo kama dakika ishirini. Kijana alishachoka na mimi.

Kuna jozi nyingine, nzuri sana kwa macho, nusura inipotoshe. Ilinibana kidogo kwenye kidole kilekile. "Vitatanuka tu ukivizoea," kijana akasema. Maneno hayo nimeyanunua mara nyingi mno. Ngozi halisi hutanuka kiasi kwa upana, kweli, lakini kwa urefu haitanuki, na vile vya plastiki iliyofanana na ngozi wewe ndiye utakayebadilika umbo. Nikavirudisha, ingawa hadi leo navikumbuka rangi yake.

Vile nilivyochukua vilikuwa na dosari moja niliyoitarajia. Kiatu cha kiume ni kipana hadi kisiginoni, na kisigino changu ni chembamba. Kilikuwa kinacheza. Hapa ndipo nilipojifunza kazi ya lile tundu la juu kabisa, lililokaa nyuma kidogo ya mstari wa mengine, ambalo siku zote nilidhani ni pambo. Ukifika huko juu kamba haivuki. Kamba ya kulia inaingia kwenye tundu la upande wake uleule, kutoka nje kwenda ndani, ila huivuti yote. Unaacha kitanzi kidogo. Ya kushoto hivyohivyo. Sasa kila kamba inavuka na kupita kwenye kitanzi cha mwenzake, unavuta kuelekea chini, kisha unafunga kama kawaida. Kisigino kinakaa. Na kwa chini, karibu na vidole, kamba nimeziacha zimelegea. Nilikuwa nafunga kiatu kwa nguvu ileile toka chini hadi juu, kama gunia.

Jioni mbili za kwanza nilivivaa ndani ya nyumba tu, sakafu safi, ili vikinikataa niweze kuvirudisha bila alama. Havikukataa. Siku ya kwanza ghalani nilirudi nimechoka kama kawaida, lakini niligundua nimeshaweka maji jikoni na kuongea na watu nusu saa nzima, viatu viko miguuni bado. Kisigino kilichukua miezi kuacha kulalamika asubuhi, na sitavipa viatu sifa yote. Yale mazoezi ya kunyoosha niliyafanya kila siku kabla ya kushuka kitandani.

Furaha ikanizidi, nikataka kununua jozi tatu za akiba. Mume wangu akaniuliza swali moja tu: "Umesahau vile vya harusini?" Sikuwa nimesahau. Niliwahi kuwa na viatu vizuri nikaviweka kwenye boksi miaka mingi nisivichakaze, siku nilipovivaa kwenye harusi soli ikaanza kumomonyoka ukumbini, nikaacha makombo meusi kutoka mlangoni hadi kitini. Soli za aina ile, za poliurethani, huliwa taratibu na unyevu wa hewani hata kama hazivaliwi. Kwa hiyo nikaongeza jozi moja tu, nikawa navipokezanisha, leo hivi kesho vile. Jozi iliyopumzika inapata muda wa kukauka jasho. Chini ya ulimi wa kila kiatu niliandika kwa kalamu tarehe niliyoanza kukivaa, kwa sababu kuchakaa kwa soli ya kati, ile ya sponji, hakuonekani kwa juu. Kiatu kinang'aa, ndani kimeshakufa.

Jozi ya kwanza sasa imefika mwisho. Nimevibonyeza kwa kidole gumba pale chini ya kisigino, soli imekuwa ngumu, na mikunjo midogo imejichora ubavuni kwenye sponji. Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua vingine kama hivyo, jina lilelile, namba ileile. Nikaambiwa hilo ni toleo jipya, limeboreshwa. Sikuwa na karatasi, ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa na haraka, lakini nilipovaa tu kidole kidogo kikanisalimia. Nimeshatafuta mchoro wetu wa zamani kwenye droo, penseli imefifia lakini mstari unaonekana. Uko mkobani. Kesho nikitoka kazini, miguu ikishavimba, nakwenda nao.